Hatua ya Moloimet

Anayedhani watu wa hesabu hawavunjiki moyo kama sisi wengine, hakumwona Laurencia Qamara akipanda gari la Olais pale Karatu asubuhi ya Jumamosi ile. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, amepakata mfuko wa sukari na majani ya chai, na juu ya mfuko ameshika kwa mikono miwili ukurasa mmoja uliopigwa plastiki. Aliupiga plastiki kwa sababu nyumba ulikokuwa unakwenda ina moshi, naye alitaka udumu. Ulikuwa ukurasa wa kwanza wa makala ya hesabu iliyotoka kwenye jarida la nje, na waandishi wake walikuwa wawili. Jina la kwanza lilikuwa la Moloimet, la pili la kwake. Moloimet alikuwa amefariki mwaka juzi. Laurencia alikuwa anampelekea mama yake jina lile, alishike mkononi, aone kwamba mwanawe hakupotea bure.

Turudi nyuma kidogo, maana jambo hili ukilianzia katikati halieleweki.

Laurencia ni binti wa Mzee Leonce wa Rhotia, Mwiraqw wa jembe na kanisa, mahindi na maharage. Alisoma, akasoma, mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu. Hukohuko chuoni akamkuta Moloimet wa Nainokanoka, Mmaasai mrefu asiyejua kunyamaza, anayechora hesabu kwenye vumbi la kioo cha gari la mtu akikosa ubao. Wakapendana. Wengine hupendana kwa muziki, wengine kwa kusindikizana sokoni. Hawa walipendana kwa swali moja lililowatesa miaka kadhaa.

Swali lenyewe, kwa lugha yetu sisi tusiojua, lilikuwa hivi. Chukua kitu kilichotapakaa, tuseme ukungu wa asubuhi, hapa mzito, pale mwepesi. Simama mahali. Weka uso wa kukuzunguka, yaani umbo kama ganda la yai, kisha pima wastani wa ukungu ulioko juu ya uso huo. Upanue uso, upime tena. Ufinye, upime tena. Katika wastani zote hizo shika ile iliyo kubwa kuliko zote, kisha nenda ufanye vivyo hivyo kila mahali. Je, hizo kubwa kubwa zote zikikusanywa zina mpaka, au zinafura mpaka hakuna wa kuzizuia? Uso uliopinda vizuri hukupa mpaka. Penye ubapa ndipo penye kazi. Na wataalamu waliotangulia waliweka sharti: ukigandisha ubao popote juu ya uso ule, ubao huo, hata ukirefushwa, usipite pale katikati uliposimama. Kila upande ukugeuzie kifua, usiwepo wa kukupa ubavu. Laurencia na Moloimet walitaka kuliondoa hilo sharti. Kazi yao yote ilikuwa hiyo. Ukilirudisha sharti, hawana jipya, kwa kuwa yaliyobaki wenzao walikwisha kuyathibitisha zamani.

Moloimet ndiye aliyepata njia. Yeye alikulia ukingoni mwa kreta, na utotoni, enzi ng'ombe walipokuwa bado wanaruhusiwa kushuka kulamba chumvi, alishuka nao. Kila alipofikiri juu ya uso aliona ukuta wa Ngorongoro, na kila alipofikiri juu ya katikati alijiona yuko chini kule, amesimama na fimbo, ukuta umemzunguka. Siku alipoipata ile hatua alitoka ofisini na chaki mkononi, akaanza kuruka koridoni kama moran, juu, juu, shingo imenyooka, mpaka karani akafungua mlango kuuliza kuna nini. Laurencia alikuwa amesimama pale anacheka na machozi yanamtoka. Yeye alifanya hesabu ndefu za kuchosha, kurasa kwa kurasa, lakini hatua ile moja ilikuwa ya Moloimet peke yake. Hata darasani aliiita hivyo, hatua ya Moloimet, na wanafunzi wakazoea.

Ndoa ikabaki. Mzee Leonce si mtu mbaya, ana kumbukumbu ndefu tu, na kumbukumbu za Wairaqw na Wamaasai zina ng'ombe wengi walioswagwa kwa mikuki. Hakumfukuza Moloimet wala hakumtukana. Alimwita "huyo mwenzako", basi, na jina lake hakulitaja. Moloimet akasema tutafuata taratibu, mzee atalainika. Akasafiri kwenda Wasso kumchukua mjomba wake Sairowua, mtu mwenye ulimi, ili aje Rhotia kumposea. Ilikuwa masika. Wakati wa kurudi, basi liliteleza kwenye kivuko cha mto na kulala ubavu ndani ya maji. Mjomba alitoka na mkono uliovunjika. Moloimet hakutoka.

Siku ya mazishi Laurencia alisimama katika kundi la wafanyakazi wa chuo. Watu walimpa mkono kama walivyowapa wengine, wakapita. Hakuwa mke wala mchumba aliyetambulishwa, posa yenyewe ilifia mtoni. Ni Olais tu, mdogo wake marehemu, aliyemwita shemeji, akamletea kiti. Mwaka mmoja baadaye jarida likaikubali makala. Laurencia alilia siku nzima, kisha akaanza kungoja ichapwe ili aipeleke Nainokanoka.

Kwa hiyo sasa yuko ndani ya gari. Olais ni dereva wa watalii, na siku ile hakuwa na wageni. Wakapita geti la Lodoare, wakapanda kwenye msitu, barabara nyekundu imeloa na ukungu umekaa juu ya miti. Njiani Olais aliuliza habari za Rhotia, za mvua, za chuo. Kila ilipobidi amtaje kaka yake alisema "yule wetu". Laurencia alidhani ni uchungu. Alijua kwamba Wamaasai wa zamani hawalitaji jina la kijana aliyekufa, Moloimet mwenyewe alimsimulia siku moja, lakini alimsimulia akicheka, na nyumba yao ilikuwa ya kanisa. Akadhani hayo yamekwisha.

Pale kwenye kituo cha kutazamia Olais akasimamisha gari akazungumze na madereva wenzake. Laurencia akashuka, akaenda ukingoni na ukurasa wake. Ukungu ulikuwa umepanda. Kreta yote ilikuwa wazi, ziwa linang'aa, na upande wa ng'ambo ukuta umesimama, kila korongo linaonekana. Akapatafuta kwa macho pale katikati, mahali ambapo Moloimet alijisimamisha maisha yake yote. Akatabasamu. Kisha akateremsha macho kutazama ukuta aliokuwa amesimama juu yake yeye, na hakuuona.

Aliona majani machache, kisha hewa, kisha uwanda wa chini. Mteremko mzima ulikuwa hapohapo chini ya viatu vyake, na jicho lake lilikuwa linateleza sambamba nao, haulishiki. Ule ukuta ulikuwa umempa ubavu.

Akabaki ameduwaa. Ile hatua ya Moloimet ilikuwa na mgawanyo. Mahali fulani katika mstari wa nne waligawa kwa umbali kutoka katikati hadi kwenye ule ubao uliogandishwa, na hakuna aliyeuliza umbali huo ukiwa sifuri itakuwaje, kwa sababu wote wawili, kila walipofumba macho, walikuwa chini ndani ya kreta, na ukiwa chini ndani ya kreta hauwi sifuri kamwe. Sharti walilojisifu kulitoa mlangoni lilikuwa limeingia dirishani, likakaa, likala nao miaka yote. Mtu wa Dar au wa Ulaya pengine angechora yai na kuliona. Wao walikuwa na kreta. Laurencia akajaribu palepale uso mmoja mwepesi wa mfano, akahesabu kichwani, na hesabu ikamwambia kwamba kuharibika hakukuishia kwenye uthibitisho. Mpaka walioutangaza sio. Kauli yenyewe si kweli.

Olais alimkuta ameegemea ukuta wa mawe, akamwuliza kama kimo kimempa kizunguzungu. Akajibu ndiyo.

Angeweza kurudi. Aliwaza kusema anaumwa. Lakini mama alikuwa ameambiwa, chai ilikuwa inachemka, na Laurencia hakuwa na moyo wa kumwacha mama wa watu akitazama barabara. Akapanda gari.

Naishorua, mama wa marehemu, alimpokea nje ya nyumba, mwembamba, shuka mbili, shanga za ndoa masikioni. Laurencia akamwamkia takwenya, yeyo, yaani mama, akajibiwa iko, akainamisha kichwa akaguswa. Ndani kulikuwa na moto, maziwa ya chai, na wanawake wawili wa boma waliokuja kumwona mgeni. Walizungumza habari za ng'ombe na baridi. Kisha Naishorua akaunyoshea mkono ule ukurasa, akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu ni kitu gani hicho kizuri kinachong'aa.

Laurencia alikuwa ameifanyia mazoezi sentensi yake tangu Rhotia, na ulimi ukaitoa ilivyokuwa, kabla akili haijaukamata.

"Ni kazi ya Moloimet, yeyo. Jina lake liko hapa juu."

Mmoja wa wale wanawake akainuka akatoka. Mwingine akajifunika mdomo kwa shuka. Naishorua hakufanya lolote, ila mkono aliokuwa ameunyosha ulirudi polepole ukakaa mapajani. Olais akainama sikioni kwa Laurencia, akamwambia kwa upole kwamba wao hawamwiti. Laurencia alitamani ardhi ipasuke. Akaanza kuomba radhi, maneno yakajikanyaga, mpaka mama akamzuia kwa kiganja.

"Hukukosa, mwanangu. Wewe ni wa huko," akasema. "Sisi tukimwita aliyekwenda, atageuka kutazama. Mimi sitaki ageuke. Nataka aende vizuri."

Akanywa chai kidogo. Halafu, huku anatazama moto, akasema kwamba mwanawe alipokuja likizo ya mwisho alimweleza kuna kitu anakitafutia mpaka. Yeye hakuelewa, alidhani ni habari za ardhi, akamwonya asigombane na watu. Mwanawe akacheka sana, akasema si ardhi, mama, ni kitu kingine, na kikipatikana mpaka wake nitapumzika. Hapo Naishorua akageuza uso.

"Huo mpaka aliupata?"

Sasa hapo wewe ungesema nini? Kuna watu wanapenda ukweli kwa sababu haujawahi kuwagharimu. Laurencia alikuwa amefundisha wanafunzi kwa miaka kwamba katika hesabu hakuna huruma, ni kweli au si kweli, na aliamini hivyo kama anavyoamini ekaristi. Akamtazama yule mama.

"Aliupata, yeyo."

Naishorua akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Ukurasa hakuupokea. Alimwomba Laurencia arudi nao, akamwekea maziwa kwenye kibuyu apelekee wazee wake.

Wiki iliyofuata alimwita Doreen. Huyu ni mwanafunzi wake, mtoto wa Endabash, ambaye tasnifu yake yote ya shahada ya pili imejengwa juu ya makala ile. Alikuwa amebakiza miezi michache aitetee. Wakakaa kwenye mgahawa pale Karatu, Laurencia akachora uso kwenye kipande cha karatasi, akachora katikati, akachora mstari unaoteleza. Binti ana akili. Alielewa kabla chai haijapoa. Laurencia akamwambia watatafuta njia nyingine, atamsaidia, hataachwa. Doreen akafuta macho, akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuiba.

"Mwalimu, nani mwingine ameliona?"

"Hakuna."

"Basi."

Neno hilo moja lilimkaa Laurencia kifuani, kwa sababu ndilo alilokuwa akijiambia mwenyewe tangu Nainokanoka. Makala yenyewe duniani imesomwa na watu wangapi? Wachache. Jina la Moloimet halitajwi Rhotia kwa kinyongo, halitajwi Nainokanoka kwa mapenzi, na kaburi la kwao halina maandishi. Mahali lilipobaki ni pale kwenye jarida, juu ya kauli inayosimama wima kama mtu. Ukikaa kimya litakaa. Ni nani atakayeumia?

"Wewe umeliona, Doreen," akamwambia. "Ungeandika nini sasa, hali unajua?"

Doreen akakigeuza kile kipande cha karatasi, mchoro ukalala juu ya meza.

La kuvunda halina ubani. Laurencia alijaribu mwezi mzima kuitibu ile hatua. Alizunguka mgawanyo, akaukata uso vipande, akakopa mbinu za wengine. Kila alipofika penye ubavu, hesabu ilimrudisha nyuma. Mwishowe akamwandikia mhariri wa jarida kwamba makala ina kosa lisilorekebishika na anaomba iondolewe. Mhariri, mtu mstaarabu, akampa pole na kumshukuru kwa uaminifu. Akaeleza kwamba makala haifutwi. Itabaki ilipo na majina yote mawili, na juu yake litapita neno la kusema imeondolewa. Akaomba kitu kimoja tu: maelezo mafupi ya kosa lenyewe, na kama kosa limetoka kwa mwandishi mmoja, atajwe, ili mwenzake asibebeshwe lisilo lake.

Laurencia aliyaandika maelezo hayo nyumbani Rhotia, siku ya likizo, mchana, mezani kwa baba yake. Mzee Leonce alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alipoona binti anaandika na kufuta, anaandika na kufuta, akauliza. Laurencia akamweleza, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, yote: swali, kreta, mgawanyo, mama. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, na alisema kwa kumpenda mwanawe, tusimwonee:

"Andika ni yeye. Si ndiyo kweli? Wewe una kazi ya kulinda. Asiyekuwepo na lake halipo."

Na ilikuwa kweli. Hatua ilikuwa ya marehemu, mstari kwa mstari. Angeandika hivyo, asingekuwa mwongo, na chuoni wangemwonea huruma badala ya kumtazama kwa jicho la pembeni. Lakini aliona jina lile, la kwanza kwenye ukurasa, na neno limelipita juu, na chini yake sentensi inayosema ni huyu. Huyu aliyefuata posa akafa. Hakuweza. Akaandika kwa haraka, kabla hajajionea huruma: hatua yenye kosa ni kazi ya mwandishi wa pili peke yake, mwandishi wa kwanza, ambaye ni marehemu, hakushiriki kuitunga. Akabonyeza kutuma, ikaenda.

Alikaa akiitazama ile sentensi. Mwanzoni alihisi nafuu, kama aliyetua kuni. Halafu akaisoma tena taratibu, kama anavyosoma uthibitisho wa mwanafunzi, akitafuta ulipo mgawanyo.

Kurasa zote nyingine zilikuwa zake yeye, Laurencia. Mwenzake alikuwa na hatua moja. Ilikuwa mbovu, lakini aliitunga mwenyewe, kwa macho ya utoto wake, na kwa ajili yake aliruka koridoni na chaki mkononi siku ambayo furaha ilimzidi. Sasa imeandikwa, na itasomwa hivyo na kila atakayeifungua makala ile, kwamba hakuitunga. Jina litabaki pale juu, safi, halina kosa hata moja, na chini yake hakuna chochote alichokifanya.

"Baba," akasema Laurencia, "nimempokonya."

Mzee Leonce akaweka ungo chini. Hakuelewa ni nini kilichopokonywa, wala ni nani aliyepokonywa zaidi, ila aliona mabega ya binti yake yanavyotikisika, akaja akasimama nyuma ya kiti. Alisimama kitambo, mikono ina vumbi la maharage, akitafuta neno. Neno alilokuwa nalo lilikuwa moja tu, lile jina alilokataa kulisema miaka yote, na alipofungua mdomo kulisema, Laurencia akamwomba asiliseme, aliyekwenda asigeuke.